Panda darini kabla ya kununua mashine

Nilizozana na kiyoyozi changu miaka miwili kabla sijapanda darini. Fundi alikuja mara tatu, akaosha vichujio, akaongeza gesi, akaniapia kuwa mashine ni nzima. Na kweli ilikuwa nzima. Siku nilipoingiza kichwa kwenye kitobo cha dari saa nane mchana ndipo nilipoelewa: juu yangu bati linaunguza, chini ubao mwembamba wa dari, katikati hewa tupu. Nilikuwa nalipa umeme nishindane na jua.

Utasema hewa si inazuia joto? Inazuia, tena sana. Hewa iliyotulia hupitisha joto kwa kiasi kilicho pungufu kama mara 2,000 kuliko chuma. Shida ni kwamba bati la moto hurusha joto lake chini kwa mnururisho, kama jua lenyewe, na hewa haiuzuii. Msimu wa baridi ukifika, hewa hiyo hiyo haitulii: inazunguka, inabeba joto la chumbani na kulifikisha batini. Sufi ya nyuzi za kioo na povu, vitu vinavyotandazwa juu ya dari kuzuia joto, hazina uchawi wowote. Kazi yake ni kuifunga hewa kwenye vijitundu ili isitembee. Ndiyo maana sufi ikilowa inakuwa bure, kwani maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Paa linalovuja lizibwe kwanza.

Na usishawishiwe kurundika. Ukiongeza unene kutoka sentimita 5 hadi 10, joto linalopita kwenye sufi hupungua kwa nusu. Ukiongeza 5 nyingine, unaokoa theluthi tu ya lile lililobaki. Sentimita za mwanzo ndizo zinazobeba mzigo.

Kosa ninalokutana nalo mara nyingi ni la ile karatasi inayong'aa kama kioo, inayowekwa chini ya bati ili kuzuia joto la mnururisho. Mafundi huibana katikati ya vitu viwili hadi haina nafasi ya kupumua. Karatasi hiyo hufanya kazi pale tu uso wake unaong'aa unapotazamana na hewa. Ukiigusisha na bati pande zote, umenunua bati jingine jembamba.

Dirisha nalo lina kosa lake: watu hutundika pazia zito ndani. Jua likishapita kioo limeshaingia nyumbani. Kivuli kiwe nje.

Nyufa hazihitaji maelezo marefu. Washa mshumaa siku ya upepo, uupitishe taratibu kandokando ya milango na madirisha, mbali na mapazia. Mwali unapoyumba, hapo pana kazi ya silikoni au mpira wa mlango. Ila kama ndani kuna kitu kinachowaka moto, jiko au hita ya gesi, usizibe hewa yake. Monoksidi ya kaboni haina harufu, na inaua.

Wapo wanaoona haya ni mambo ya kubahatisha. Mjini Darmstadt, Ujerumani, nyumba za kwanza za mtindo wa Passivhaus, yaani nyumba zinazohitaji nishati kidogo sana kupasha joto, zilianza kukaliwa mwaka 1991. Kiwango cha mtindo huo ni kutozidisha kilowati-saa 15 za kupasha joto kwa kila mita ya mraba kwa mwaka. Hazikufika hapo kwa mashine kubwa. Ni kuta nene, madirisha ya vioo vitatu, na maungio yasiyovuja.

Kinachoniudhi ni hali ya mpangaji. Mwenye nyumba ndiye anayeamua juu ya dari kuwekwe nini, mpangaji ndiye anayelipa umeme, kwa hiyo hakuna anayepanda kuangalia. Mkataba utakuhesabia vyumba, vyoo, hata funguo. Mimi ningetaka uwe na mstari mmoja zaidi: juu ya dari kuna nini, unene sentimita ngapi.