Boneti Yangu Imepigwa Mkorogo

Jumapili iliyopita nilipeleka gari kuoshwa hapa hapa Sinza, kwa vijana niliowazoea. Gari lenyewe ni IST nyeusi, namba D, si la kumringia mtu. Kijana akamaliza kulifuta, akalizunguka mara mbili, akaguna. "Dada, rangi inaanza kuchoka hii. Nikupigie waksi? Elfu kumi na tano tu, utajiona kwenye mlango." Nikasema piga. Mimi huyo, kwa mama ntilie wa jirani, chai na chapati, macho kwenye simu.

Nilipoinua kichwa mashine ilikuwa inalia kama bodaboda iliyotobolewa ekzosi, na boneti nzima imejaa uji mweupe. Nikachota kidogo kwa kidole, nikausaga. Una chenga, kama mchanga wa ufukweni. Waksi gani ina mchanga? Ile ilikuwa rabingi, dawa ya kusugua rangi kwa chenga, na nilikuwa nimeshachelewa. Pale bati linapokunja kuelekea taa ya kushoto, klia, lile tabaka angavu la juu ya rangi, ilikuwa imekwisha, kimebaki kidoa kilichopauka, ukubwa wa kisosi. "Hapo palikuwa pabovu tangu zamani, dada," akaniambia bila kupepesa macho.

Haya. Palikuwa pabovu.

Sikugombana naye, maana hata yeye amefundishwa hivyo. Mjini hapa neno waksi limekuwa kapu la mama sokoni, kila kinachong'arisha kinatupwa humo. Rabingi ni waksi, polishi ni waksi, na yale mafuta ya kupaka dashibodi yanayonukia pipi nayo ni waksi. Mteja anaona gari linametameta, anatoa hela, anaondoka. Hakuna anayeuliza limemetaje.

Wanawake wenzangu mtanielewa upesi. Rabingi ni mkorogo. Mkorogo haukuongezei kitu, unakubandua. Wiki ya kwanza mashoga wanakuuliza unatumia nini, umetakata hivyo. Baada ya miezi kadhaa jua la saa saba linakukuta huna kinga, na vidole vinakusuta. Gari nalo ni hivyo hivyo. Juu ya rangi kuna klia, na ya kiwandani ina unene wa mikroni 40 hadi 50 hivi, nyembamba kuliko unywele wako. Humo ndimo ilimo kinga ya jua. Rabingi inang'arisha kwa kuikwangua hiyo klia mpaka mikwaruzo ikose pa kukaa. Ikipita inaondoka na kiasi chake, na kwenye kona na mikunjo, ambako mashine hukandamiza zaidi, inaondoka na kingi. Ngozi angalau huota tena. Klia haioti. Gari langu lilitoka kiwandani mwaka 2004. Limekwanguliwa mara ngapi kabla halijanifikia, Mungu ndiye anayejua, halafu mimi naletewa mashine kila mwisho wa mwezi, na nalipia.

Kinachoniuma ni kwamba sikuhitaji hiyo mashine hata kidogo. Nilichokuwa nacho ni ule utando wa buibui, vimikwaruzo vya mviringo ambavyo ukiegesha kivulini huvioni, ukitoka juani vinakuaibisha. Dawa ya hivyo, kwa mtu asiyetaka kupoteza klia, ni glezi na waksi ya kweli. Kama rabingi ni mkorogo, glezi ni poda ya uso. Ni mafuta yaliyochanganywa na unga laini mno, mara nyingi ule udongo mweupe wa kaolini, na kwenye michanganyiko mingi unga huo haukwangui kitu cha maana. Unaipaka kwa mkono, inaingia kwenye vile vimikwaruzo na kuvijaza, mwanga unakosa pa kukwamia, unarudi kama umepiga kioo. Rangi nyeusi inakuwa nyeusi ya wino. Haijatibu kitu, imeficha tu. Sabuni ya unga mara mbili tatu, imekwenda na maji.

Ndiyo maana juu yake inakuja waksi, kuizuia isiondoke mapema. Ile ya asili inayosifiwa ni karnauba, inatoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Ikiwa tupu ni ngumu kama kokoto, haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 80, kwa hiyo ile ya kopo imelainishwa ili ipakike. Unaipaka nyembamba, kivulini, bati likiwa limepoa. Ukiipaka juani inagandamana, utaifuta hadi magharibi. Ikishakuwa na ukungu unaifuta kwa kitambaa laini. Mvua ikinyesha utaona maji yanajikusanya matone na kuteleza, kama juu ya jani la mgimbi. (Hapa mfano wangu wa urembo unakufa, najua. Usoni mafuta hutangulia poda, kwenye gari ni kinyume. Ukitanguliza waksi, glezi haitaifikia rangi, umepoteza chupa na Jumamosi yako.)

Mtaniambia glezi ndiyo silaha ya madalali. Ni kweli, sina pa kukimbilia. Mjomba wangu alinunua gari saa moja jioni chini ya taa ya duka, jekundu linawaka kama embe dodo. Kuoshwa mara ya pili, likaonekana kama limesuguliwa kwa steelwire ya sufuria. Mjomba, gari linanunuliwa mchana, tena baada ya kuoshwa mbele yako! Lakini poda haina kosa. Aliyedanganya ni dalali.

Na rabingi ina kazi yake, nakubali shingo upande. Gari lililopauka kabisa, mara moja, kwa fundi mwenye subira. Basi.

Wenye magari meupe na ya fedha hamuoni ninacholilia, endeleeni kustarehe.

Halafu tuseme ukweli, ule utando tunautengeneza wenyewe. Kitambaa kilichofuta rimu ndicho kinachopanda kwenye boneti, na mchanga wake. Maji ni ya kisima, ya chumvi, yanakaukia juani na kuacha madoa kama ndui. Kunguru nao wa mji huu hawana adabu. Kinyesi chao kikipigwa na jua kinaila klia, na wengi tunakikwangua kikavu kwa kucha au kwa tiketi ya maegesho. Kiloweshe kwanza jamani, kilainike.

Fundi rangi ameniambia kisosi changu hakizibiki peke yake, boneti nzima inapigwa rangi upya. Bei aliyonitajia nimeiweka kando, nitaifikiria nikiwa na nguvu. Jana nilikwenda Kariakoo, nikarudi na chupa ya glezi, kopo la waksi na vitambaa vitatu. Nikawa chini ya mwembe wa jirani napaka kwa mduara, mkono unauma, wanangu wananicheka dirishani. Akapita yule yule kijana na ndoo yake, akasimama kunitazama muda mrefu.

"Dada, hiyo si itatoka tu mvua zikianza?"

"Itatoka."

"Sasa?"

"Nitapaka tena. Nishikie hapo kitambaa, si hicho, hicho kimeanguka chini."