Mawese ya moto na chupa ya maji

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Juni 1, 2019, na kwa wengi mjadala uliishia hapo. Mimi naona ndipo ulipopaswa kuanza, hasa Kigoma, mji wa mawese na mgebuka wa kukaanga. Kifungashio huharibu chakula zaidi pale mafuta na joto vinapokutana.

Chukua mawese. Yakiepuliwa tu, yana joto linalokaribia nyuzi 100 au zaidi. Chupa ya maji ya kunywa, ile yenye namba 1 kitakoni, huanza kulegea kwenye nyuzi 70 hivi. Ukimimina humo, shingo inapinda na kitako kinajikunja. Hayo unayaona. Usichokiona ni kemikali za plastiki zinazohamia kwenye mafuta, ambayo huzinyonya nyingi kuliko maji. Acha yapoe hadi sufuria ishikike kwa mkono mtupu, kabla hayajaanza kuganda, ndipo umimine kwenye dumu jipya lenye namba 2.

Dumu lililowahi kubeba dawa ya shamba lisiguse mafuta kabisa, hata lisuguliwe kwa mchanga na sabuni. Baadhi ya madumu hayo hutiwa florini kiwandani ili dawa isipenye, na Marekani wamekuta kemikali za PFAS zikitoka kwenye plastiki hiyo na kuingia kwenye dawa. Kwa macho huwezi kulitofautisha na dumu la kawaida.

PFAS ni maelfu ya kemikali zinazoshikwa na kifungo cha kaboni na florini, kigumu mno kuvunjika. Moto wa shimo la taka hauwezi kazi hiyo. Karatasi ikipakwa kemikali hizo, mafuta hayapenyi. Ndiyo maana naogopa tunapohimizwa kuacha nailoni na kuhamia boksi za karatasi zisizolowa, bila mtu kuuliza zimepakwa nini. Denmark ilipiga marufuku PFAS kwenye karatasi za chakula mwaka 2020. Mwaka 2023, IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, iliiweka PFOA, mmojawapo wa ukoo huo, kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Muuza chipsi anaweza kupima mwenyewe. Dondosha tone la mafuta ya alizeti upande unaogusa chakula, subiri dakika mbili tatu. Likisambaa na kuacha doa, karatasi haina kinga hiyo. Likisimama kama shanga, ishuku. Likikaa tu bila kupenya, chana ukingo: ukiona utando mwembamba unavutika, hiyo ni plastiki iliyobandikwa. Si kipimo cha maabara, lakini kinatosha kumbana muuzaji wa jumla kwa maswali. Gazeti nalo tuliache, wino wake huingia kwenye mafuta. Jani la mgomba lililopitishwa motoni likalainika, au bakuli la mteja mwenyewe, yanashinda yote hayo.

Na sisi tuna sababu ya ziada ya kuwa wakali. Ziwa Tanganyika hupoteza sehemu kubwa ya maji yake kwa mvuke, na mto unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Mvuke hauondoki na plastiki. Kiroba kilichopigwa jua miezi kadhaa ufukweni Kibirizi, ukikisugua kwa vidole kinakatika vipande vidogo kuliko punje ya mchele. Mvua moja tu, vipande hivyo viko majini pamoja na dagaa.