Basi la mwisho ndilo linalopanga safari

Asanteni kwa makala hii ya njia za kupanda mlima zinazofikika kwa basi, maana wengi wetu hatuna magari. Ila suala la kurudi mmeligusa juujuu tu. Mwenye gari lazima arudi alikoliacha; wa basi anaweza kupandia upande huu akashukia ule, na hiyo ndiyo raha yenyewe! Mimi hutumia kanuni ya Naismith ya mwaka 1892 ya kukadiria muda wa kutembea mlimani: saa 1 kwa kila kilomita 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kisha nahesabu kinyumenyume kuanzia basi la mwisho. Niliwahi kufika kituoni, viatu vimejaa tope, nikaona taa zake nyekundu zikipotelea konani. Tafadhali wekeni na ratiba za Jumapili.