Kastadi Iliyozima Jiko

Kwetu Tanga kaskazi ikishika, mwembe hauangushi embe moja moja. Unamwaga. Dodo changa, ngumu, za kijani kibichi, zinagonga bati usiku kucha, hakuna kulala. Asubuhi nikaokota beseni zima, na mimi kutupa chakula siwezi. Nimelelewa na bibi aliyekuwa akikung'uta hata mfuko wa unga uliokwisha.

Siku hiyohiyo baba watoto akasema mama yake yuko njiani kutoka Pangani, na wifi yangu mkubwa yumo. "Ukiandaa na kitu kitamu cha baada ya chakula, mama atafurahi," akasema, akaenda zake kazini. Yakumbukeni maneno hayo. Yeye ndiye aliyeanza.

Nikaamua kastadi ya embe. Unga wa kastadi upo kabatini, maziwa yapo, sukari ipo, embe ndiyo usiseme. Kwamba ni mbichi haikunisumbua: sukari kazi yake nini?

Nilipovunja kikonyo cha kwanza, utomvu uliruka ukanipata kidevuni. Anayejua utomvu wa dodo anajua: unawasha, unababua, kisha unaacha doa jeusi ambalo mgeni hulitazama huku akijifanya halitazami. Kisu nacho hakikugonga kokwa. Kilipita moja kwa moja, na mbegu ikakatika laini, nyeupe pee. Mwanangu wa mwisho alipoona hivyo akaleta kisahani cha chumvi na pilipili, akijua ndiyo kazi inayofuata. Nikamfukuza jikoni.

Vipande nikavichemsha na sukari vikawa rojo. Nikaonja, meno yakafa ganzi. Nikaongeza sukari, nikaonja tena. Sukari ya mwezi mzima iliingia mle, embe wala haikushtuka. Nikasema maziwa yataipoza, nikaimimina yote kwenye maziwa yanayochemka, nyumba inanukia iliki mpaka barazani.

Yakakatika papo hapo. Bonge huku, maji huku. Ndiyo, najua maziwa ya moto yakikutana na kitu kichachu hukatika. Wanaotengeneza jibini nyumbani hutia limao makusudi. Lakini mimi sikutia limao! Nikatia unga wa kastadi ushikize mambo. Ulichoshikiza ni yale mabonge, na rangi ikawa ya sare za mgambo.

Nikamwita jirani dirishani. "Shoga, uchachu unaondolewa na nini?"

"Magadi," akajibu, macho yakiwa kwenye mchele anaochagua. Hakuuliza uchachu wa kitu gani.

Nikatia magadi soda kijiko kimoja. Kikubwa. Sufuria ikanyamaza, ikafikiri, halafu ikapanda. Povu likainua mfuniko, likamwagika, likazima gesi, likateremka kwenye kabati hadi kwenye kandambili zangu. Nikiwa nahangaika kuokota mfuniko, nikasikia hodi.

"Karibuni! Shikamoo mama," nikasema, kidevu cheusi, mguu umenata sakafuni.

"Marahaba, mwanangu." Mama mkwe akachungulia jikoni, akaliona povu. "Kumbe leo mnafua?"

Wifi hana haya. Alichota kijiko, akaonja, akakaa kimya kirefu, jambo ambalo ukoo mzima haujawahi kulishuhudia. "Wifi," akasema mwishowe, "hii ni jibini au sabuni? Nijue nimeze au niteme."

Mama mkwe akamkanyaga mguu, akala vijiko viwili kwa heshima ya ndoa ya mwanawe, kisha akaniuliza kwa upole kama kuna embe mbichi zilizobaki. Zilikuwepo. Mwanangu tayari kasimama mlangoni na kisahani chake, hakukiweka chini tangu asubuhi. Tukakaa barazani tukazila na chumvi na pilipili, tunakunja nyuso, tunalamba vidole. Chakula chenyewe tulikuja kula saa kumi, na baba watoto aliporudi akauliza kile kitu kitamu kiko wapi. Hakuna aliyemjibu.

Wiki iliyofuata wifi akapiga simu. Nikajiandaa kwa masimango.

"Wifi, ile kastadi yako, magadi ulitia kijiko cha chai au cha chakula?"

"Cha chakula. Kwani?"

"Ndugu za mume wangu wanaingia kesho. Na hawajasema wanaondoka lini."