Zabibu, ubuyu na kumbukumbu za wazee

Msimu wa zabibu ukifika Dodoma, ndoo na makreti hujaa kando ya barabara, na wauzaji siku hizi hawakosi neno la afya: mnunulie mzee, asije akasahau majina ya wajukuu. Dai hilo lina msingi. Ubongo hutumia oksijeni nyingi, na katika kazi hiyo huzalisha molekuli haribifu zinazoumiza seli zake. Kwa mgonjwa wa Alzheimer, ugonjwa unaofuta kumbukumbu taratibu, madhara hayo hukutwa pamoja na mabonge ya protini iitwayo amiloidi. Zabibu nyekundu zina antioksidanti, yaani kemikali zinazozima molekuli hizo. Ubuyu nao umejaa vitamini C.

Takwimu nazo zipo. Mwaka 2012, watafiti wa Marekani waliofuatilia wauguzi wanawake zaidi ya 16,000, wa miaka 70 na kuendelea, walieleza kuwa waliokula kwa wingi stroberi na bluberi, matunda yenye antioksidanti kama zabibu, akili zao zilionekana kuchelewa kuzeeka kwa hadi miaka 2.5.

Lakini tujiulize ni nani hapa mjini anayemudu zabibu kila wiki. Mara nyingi ni mstaafu mwenye pensheni na bima, aliyesoma, anayepimwa presha bila kusukumwa. Akifika miaka 80 akili ikiwa timamu, tuzishukuru zabibu au bima? Watafiti hujaribu kuyatenganisha hayo kwa hesabu, ila si yote yanayotenganika. Mimi ningetamani afuatiliwe bibi wa Kongwa anayetia ubuyu kwenye uji na hana hata kadi ya kliniki.

Majaribio yenyewe hayajatoa jibu tamu. Mwaka 2015 wagonjwa 119 wa Alzheimer walipewa ama resveratroli, kemikali iliyomo kwenye zabibu, ama vidonge visivyo na dawa, kwa mwaka mmoja. Dozi ilifika gramu 2 kwa siku, kiasi ambacho hukipati hata ukimaliza kreti zima. Ubongo wa waliomeza resveratroli ulisinyaa zaidi ya wenzao. Mwaka 2023, watu 604 walijaribiwa mlo wa mboga za majani na matunda jamii ya beri kwa miaka 3, na hawakuwazidi kiakili wenzao wasiopewa mlo huo kwa kiwango cha maana. Watetezi wa matunda husema miaka 3 haitoshi kwa ugonjwa unaoanza miongo kabla ya dalili, na hapo nakubaliana nao.

Kwa hiyo zabibu ziliwe, ni chakula kizuri. Ninachokataa ni poda za kopo zinazouzwa kama tiba, na ubuyu uliozamishwa kwenye sukari na rangi kuitwa dawa ya ubongo. Mvinyo wetu tusiuingize humu: jopo la jarida la tiba la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na unywaji wa kupindukia umo. Imo presha, kimo kisukari, umo hata uziwi usiotibiwa. Matunda hayakutajwa. Mwenye hela ya kopo moja la poda ampeleke mzee akapimwe presha na masikio, chenji inunue zabibu.