Toyota Hawana Haraka, na Baiskeli za Tanga Zinawaunga Mkono

Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, mjini Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber lililokuwa likijiendesha lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku anakokota baiskeli. Uchunguzi ulionyesha kuwa kompyuta ilimwona, ila ikababaika: mara kitu kisichojulikana, mara gari, mara baiskeli. Msimamizi aliyekaa nyuma ya usukani alikuwa akitazama simu. Siku chache baadaye Toyota wakasimamisha kwa muda majaribio yao ya magari ya aina hiyo kwenye barabara za umma.

Mtu kukokota baiskeli gizani? Hiyo ni Ngamiani, hapa Tanga, kila siku baada ya magharibi.

Toyota walikuwa wakifanyia utafiti njia mbili. Ya kwanza waliiita Chauffeur: gari lijiendeshe. Ya pili, Guardian: binadamu aendeshe muda wote, mashine iingilie pale tu ajali inaponukia. Wanaowaona Toyota waoga kwa kutokuwa na haraka na ile ya kwanza wana hoja. Tangu 2020 Waymo, kampuni ya magari yanayojiendesha, wanabeba abiria wa kawaida huko Phoenix bila mtu kwenye usukani. Nami nimewahi kupanda basi la usiku ambalo dereva wake alianza kusinzia kabla ya Segera. Dakika zile ningempokea kwa mikono miwili dereva asiyejua usingizi. Wala uangalifu si kinga: mwaka 2021, kijiji cha Paralimpiki Tokyo, basi dogo la Toyota la kujiendesha lilimgonga mwanajudo asiyeona vizuri, na mhudumu alikuwemo ndani. Akio Toyoda, mkuu wa Toyota wakati huo, aliomba radhi, akakiri kwamba magari hayo kwenye barabara za kawaida bado.

Hata hivyo mimi niko upande wa Guardian, na sababu iko kwa jirani yangu. Gari lake la mtumba kutoka Japani lina kamera ya kumwonya dereva, nyuma ya kioo cha mbele. Kioo kilipasuliwa na kokoto njia ya Pangani, fundi akaweka kingine na kuirudisha kamera kwa gundi. Sasa inalia barabara ikiwa tupu, inanyamaza mbele ya bajaji. Jirani kazima mfumo wote, maisha yanaendelea, kwa sababu dereva bado ni yeye. Je, kama kamera hiyo ndiyo ingekuwa dereva?

Nilimuuliza fundi kuhusu ubao maalumu wa kuipimia kamera baada ya kubadili kioo. Akaniuliza unauzwa wapi.