Kiingereza cha Rombo Hakina Kosa

Katika kikao cha wazazi cha shule moja ya mchepuo wa Kiingereza hapa Moshi, mzazi mmoja alisimama na kuuomba uongozi umwondoe mwalimu wa sayansi wa darasa la tano. Hakulalamikia matokeo, ambayo yalikuwa mazuri, wala nidhamu, wala maandalizi ya vipindi. Alisema kwamba mwalimu yule anazungumza Kiingereza cha Rombo, yaani chenye lafudhi ya wilaya ya Rombo, na kwamba yeye halipi ada yote ile ili mwanawe aje kuzungumza kama mtu wa Mkuu, mji wa huko Rombo. Baadhi ya wazazi walicheka, wengine wakapiga makofi, na mwalimu mwenyewe alikuwa ameketi mbele yao pamoja na wenzake. Siwezi kulinyamazia jambo hili, kwa sababu wengi wa waliopiga makofi ni Wachaga kama mimi, na Warombo nao ni Wachaga.

Ningependa mzazi yule aniambie ni Kiingereza cha wapi anachokitaka. Huko Uingereza kwenyewe, ile lafudhi tuliyozoea kuiita ya Malkia ilikadiriwa na mwanaisimu Peter Trudgill, katika miaka ya 1970, kuwa inazungumzwa na takriban asilimia 3 tu ya watu. Wengine wote wana lafudhi za kwao, na wengi wao wamedharauliwa kwa ajili hiyo na Waingereza wenzao. Mwaka 1941 BBC ilimpa Wilfred Pickles, mtu wa Halifax katika Yorkshire, kazi ya kusoma taarifa ya habari ya taifa, na wasikilizaji wakalalamika kwa sababu tu alitamka maneno kama watu wa kaskazini. Mwaka 1970 mtafiti Howard Giles aliwapa wanafunzi lafudhi mbalimbali wazipime, na ile ya Birmingham, mji wenye viwanda na vibarua wengi, ikawekwa karibu na mkia.

Kama sauti zenyewe ndizo zingekuwa mbaya, ubaya huo ungeonekana kila mahali. Haiko hivyo. London, mtu anayehesabiwa kuwa msomi huimeza sauti ya r inapokuja baada ya irabu. New York ni kinyume chake. Mwaka 1962 William Labov alipita katika maduka matatu makubwa ya jiji hilo akiwauliza wauzaji mahali pa kupata bidhaa zilizokuwa ghorofa ya nne, kwa kuwa jibu hilo kwa Kiingereza lina r mbili, na akaona kwamba kadiri duka lilivyokuwa la watu wenye fedha ndivyo wauzaji wake walivyoitamka r hiyo mara nyingi zaidi. Sauti ileile ni heshima upande mmoja wa bahari na ushamba upande mwingine. Vilevile sauti inayoanza neno thamani, ambayo tunachekana kwa kuikosa, Waingereza wengi wa London huigeuza kuwa f na Waayalandi wengi huigeuza kuwa t, wala hakuna anayewaambia kwamba hawajui lugha yao. Kinachopimwa, basi, ni mtu: ametoka wapi, baba yake alifanya kazi gani, na kama sisi tunataka kufananishwa naye. Aliyesema mbele ya kikao kwamba hataki Kiingereza cha Rombo alisema kwamba hataki Warombo, na makofi yale yalikuwa ya kukubaliana na hilo.

Sisi wa kanda hii tulipaswa kuwa wa mwisho kudanganyika. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda ilifanya kazi zake Arusha mpaka ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Tarehe 2 Septemba 1998 ndipo ilipomtia hatiani Jean-Paul Akayesu, na hiyo ikawa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari. Majaji watatu waliotoa hukumu ile walitoka Senegal, Sweden na Afrika Kusini. Dunia ilisoma hukumu yao na haikuuliza walitamka vipi. Mwongoza watalii wa Marangu naye huelewana na Mskoti na mtu wa Texas katika kundi moja la kupanda mlima.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba yapo matamshi yanayozuia kueleweka. Kumi na tano na hamsini kwa Kiingereza hutofautiana sana kwa mkazo, na muuguzi anayepokea maelekezo ya dozi hana budi kuzisikia sawasawa. Hilo hutibiwa kwa mafunzo ya muda mfupi. Wanafunzi wa mwalimu wetu wanamwelewa, na matokeo yao yanathibitisha.

Linaloniuma zaidi liko majumbani. Ili ulimi wa mtoto usiharibike, wazazi wengi wa mjini wameacha kabisa kuzungumza naye Kichaga chao, kiwe Kirombo, Kivunjo au Kimachame, na Desemba familia zinapopanda nyumbani, bibi na mjukuu hukaa wakitazamana mpaka atokee mtu wa kuwatafsiria. Hofu hiyo haina msingi. Kichaga ni lugha ya toni, na sikio lililolelewa nacho hutofautisha maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Jirani zetu Wamaasai wana irabu 9 katika lugha yao, wakati Kiswahili kina 5, kwa hiyo mtoto wa Monduli anayeanza Kiingereza, chenye irabu nyingi kuliko hizo, anakwenda darasani na hazina ambayo mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili peke yake hana. Watoto wanabeba lugha tatu bila shida pale wanapoachwa wazibebe. Wakionyeshwa kwamba mwalimu anaweza kufukuzwa kwa ajili ya lugha ya mama yake, wataitupa wenyewe, na hakuna shule itakayowarudishia kwa ada yoyote. Wazazi wenzangu, Desemba hii bibi akimsemesha mjukuu kwa Kirombo, msimkatize na msiwatafsirie. Mwacheni mtoto ahangaike mpaka ajibu.